Wengi Wape: Namna ya Kuchagua kwa Kupanga

Kwa kuwa mazungumzo yangu ya leo yana hesabu kidogo, naomba kila mwenye kibao au kipande cha karatasi akiweke karibu. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni kujumlisha na kutoa tu, kama afanyavyo mama ahesabupo mayai yake kabla ya kwenda sokoni.

Wazee wetu walituachia mithali isemayo, "Wengi wape." Maana yake, jambo wanalolitaka watu wengi, na wapewe, ili pasiwe na ugomvi. Mithali hii ni njema, wala sina neno la kuipinga. Lakini mimi ni mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kuuliza. Basi nauliza: wengi ni nani? Tutawajuaje? Swali hili laonekana kuwa jepesi, walakini kijiji kizima, hata nchi nzima, yaweza kulikosea, na kosa hilo likawasumbua watu kwa miaka mingi.

Nitaanza na kisa cha kisima. Katika kijiji kimoja nilichofundisha zamani palikuwa na shida ya maji, na fedha zilizopatikana zilitosha kuchimba kisima kimoja tu. Kijiji kilikuwa na nyumba 60, nacho kilikatwa katikati na korongo. Wakati wa kiangazi korongo lile hukauka kabisa; lakini wakati wa masika hujaa maji mekundu yaendayo kwa nguvu, na mtu hathubutu kuvuka. Ng'ambo ya korongo palikuwa na soko na nyumba 24. Upande wa huku palikuwa na nyumba 36, nyingine karibu na mwembe mkubwa, na nyingine karibu na shule.

Mkutano ukafanywa, kila nyumba ikapewa kura moja. Pakatajwa mahali patatu: sokoni, mwembeni, na shuleni. Kura zikahesabiwa hivi: sokoni 24, mwembeni 20, shuleni 16. Mwenye kuongoza mkutano akasimama, akasema, "Wengi wape. Sokoni pamepata kura nyingi kuliko pengine pote. Kisima kitachimbwa sokoni." Watu wakapiga makofi, wengine kwa furaha, wengine kwa adabu.

Kisima kikachimbwa, maji yakapatikana, nayo yalikuwa mazuri. Lakini masika ilipofika, akina mama na watoto wa nyumba 36 wakawa wakisimama ukingoni mwa korongo na vyombo vyao kichwani, wakingoja mkondo upungue. Wengine walichoka kungoja, wakarudi wakachota maji ya madimbwini, na watoto wakaugua matumbo. Asubuhi nilipoita majina darasani niliona nafasi tupu. Ndipo nilipoziandika tena ubaoni zile tarakimu tatu, nikazitazama. Kumi mbili na nne ni nyingi kuliko 20, tena ni nyingi kuliko 16. Lakini 20 na 16 ni 36, na 36 ni nyingi kuliko 24. Watu wote wa huku walitaka kisima kiwe upande wa huku. Walichotofautiana ni mwembeni au shuleni, nako ni mwendo wa dakika chache tu. Kwa tofauti ndogo hiyo wakakosa jambo kubwa. Wahenga walisema, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

Sasa fikirini vema. Hakuna aliyeiba kura. Hakuna aliyehesabu vibaya. Mwenye kuongoza mkutano alikuwa mtu mwaminifu. Kosa lilikuwa katika swali lenyewe. Watu waliulizwa, "Wapenda wapi kuliko pote?" wala hawakuulizwa, "Na hapo pakikosekana, wapenda wapi?" Kila mtu aliruhusiwa kusema nusu ya mawazo yake, kisha akanyamazishwa.

Je, wangefanyaje? Iko njia nyepesi ambayo haihitaji hata karatasi. Mwenye kuongoza angeweza kusema, "Wanaotaka sokoni wasimame huku, wanaotaka mwembeni wasimame hapa, wanaotaka shuleni wasimame kule." Mistari mitatu ingepangwa: watu 24, watu 20, na watu 16. Hapo angetazama kama uko mstari wenye watu 31, yaani zaidi ya nusu ya 60. Haupo. Basi angewaambia wale 16 wa mstari mfupi, "Ndugu zangu, mahali penu pamepata watu wachache kuliko pote. Tafadhalini nendeni mkasimame katika mstari wa pili mnaoupenda." Mtu mmoja labda, mwenye biashara yake sokoni, angekwenda mstari wa sokoni. Wale 15 wangekwenda mwembeni. Sasa hesabuni katika vibao vyenu: sokoni 24 na 1, jumla 25, mwembeni 20 na 15, jumla 35. Thelathini na tano ni zaidi ya nusu. Hao ndio wengi, nao wangepewa.

Wasikilizaji wangu, mkiisha kuielewa mistari hiyo mitatu, mmekwisha kuielewa kura ya kupanga. Yaliyobaki ni kuifanya kwa karatasi badala ya miguu, na kwa siri badala ya mbele ya macho ya jirani. Maana si kila mtu aweza kusimama hadharani kinyume cha mdai wake au mkwewe.

Namna yake ni hii. Mpiga kura hupewa karatasi yenye majina ya wote wanaogombea. Badala ya kutia alama moja ya msalaba, hutia namba. Amtakaye kuliko wote humwandikia 1. Ambaye angemtaka kama yule wa kwanza hayupo, humwandikia 2. Anayefuata humwandikia 3, na kuendelea. Saa ya kuhesabu, karatasi zote huwekwa katika mafungu kwa kufuata namba 1. Kama liko fungu lenye zaidi ya nusu ya karatasi zote, kazi imekwisha, mwenye fungu hilo ameshinda. Kama halipo, yule mwenye fungu dogo kuliko yote huondolewa. Karatasi zake hazichomwi wala hazitupwi, bali hufunguliwa, moja moja, na kila moja hupelekwa katika fungu la yule aliyeandikiwa 2. Kisha mafungu huhesabiwa tena. Kama bado hapana mwenye zaidi ya nusu, mwenye fungu dogo tena huondolewa, na karatasi zake hupelekwa kwa anayefuata miongoni mwa waliobaki. Hufanywa hivyo hata apatikane mmoja mwenye zaidi ya nusu ya karatasi zilizobaki mafunguni.

Watu wengine huniuliza, "Mwalimu, je, si kumpa mtu mmoja kura mbili huko?" La, sivyo. Ukimpa mtoto shilingi, ukamwambia, "Niletee sukari, kama sukari hakuna, niletee asali," je, mtoto atarudi na vitu viwili? Atarudi na kimoja, kwani shilingi ni moja. Kadhalika karatasi ya kura ni moja, na wakati wowote imo katika fungu moja tu. Tena jambo hili lishikeni sana: kumwandikia mwingine namba 2 hakumdhuru yule wa namba 1. Namba 2 haitazamwi kabisa maadamu wa kwanza wako angali katika mashindano. Mwenye duka hawezi kumpa mtoto asali ikiwa sukari bado ipo.

Sasa tuyaache mambo ya kijiji, twende mbali, tuone nchi zilizojaribu njia hii.

Nchi iliyoizoea kuliko nyingine ni Australia, nayo ilijifunza kwa kosa linalofanana sana na lile la kisima chetu. Mwezi wa Septemba mwaka 1918, Bwana John Forrest, mbunge wa jimbo la Swan katika Australia ya Magharibi, alifariki baharini alipokuwa safarini kwenda Uingereza. Uchaguzi wa kujaza nafasi yake ukafanywa tarehe 26 Oktoba mwaka ule. Wakati huo Waaustralia walikuwa wakichagua wabunge kwa msalaba mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko kila mwenzake ndiye aliyepata kiti. Chama cha wafanyakazi kilimsimamisha Edwin Corboy, kijana wa miaka 22. Wapinzani wa chama hicho, badala ya kuungana, wakasimama wawili: Basil Murray kwa upande wa wakulima, na William Hedges kwa upande wa chama kilichokuwa kikitawala. Wa nne, mtu asiye na chama, alikuwa William Watson. Katika kila kura 100, kwa kukadiria, Corboy alipata 34, Murray 31, Hedges 30, na Watson 5.

Tazameni tarakimu hizo. Murray na Hedges kwa jumla walipata kura 61 katika kila 100, lakini kiti kilikwenda kwa mwenye 34. Simlaumu kijana Corboy. Alishinda kwa sheria iliyokuwapo. Lakini serikali ilishtuka, na kabla ya mwaka ule kwisha sheria ikabadilishwa, watu wakaanza kuandika namba. Mwezi wa Desemba 1918, katika jimbo la Corio huko Victoria, ukafanywa uchaguzi wa kwanza wa kuingia Bunge la nchi nzima kwa sheria ile mpya. Tusifichane: waliobadili sheria walikuwa na faida yao wenyewe, kwani hawakutaka kugawanyika tena na kushindwa. Lakini sheria ikiisha kuandikwa ni ya wote, nayo yaweza kumsaidia huyu leo na yule kesho. Waaustralia wameishika tangu siku hizo, na kila chama kimepata kuonja utamu wake na uchungu wake.

Mfano wa pili watoka Ireland. Huko Rais wa nchi huchaguliwa kwa kura ya kupanga. Mwezi wa Novemba mwaka 1990 walisimama watu watatu: Brian Lenihan, Mary Robinson, na Austin Currie. Chukueni kalamu, maana hesabu hii ni ya kweli nayo yafunza vizuri. Karatasi zilipowekwa mafunguni kwa namba 1, Lenihan alipata 694,484. Robinson alipata 612,265. Currie alipata 267,902. Jumla ya kura halali ilikuwa 1,574,651. Ili mtu apate zaidi ya nusu ilimpasa kufikia 787,326. Hakuna aliyefikia. Lau nchi ile ingefuata desturi ya msalaba mmoja, Lenihan angekuwa Rais siku ile.

Lakini Currie, aliyekuwa wa mwisho, akaondolewa, na karatasi zake zikafunguliwa. Karatasi 205,565 zilikuwa zimemwandikia Robinson nafasi iliyofuata, na 36,789 zilimwandikia Lenihan. Zilizobaki, 25,548, hazikuwa na jina jingine la kufuatwa, nazo zikawekwa kando. Jumlisheni sasa. Robinson: 612,265 na 205,565, jumla 817,830. Lenihan: 694,484 na 36,789, jumla 731,273. Robinson akawa na zaidi ya nusu, akawa Rais, naye ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa Ireland. Watu wa Currie hawakumpata mtu wao, walakini sauti yao haikupotea. Wao ndio waliokata shauri.

Labda mtu atauliza, "Kwa nini tusipige kura mara mbili tu, mara ya pili wabaki wawili wa juu?" Swali hilo lina akili. Wafaransa huchagua Rais wao hivyo tangu mwaka 1965. Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Wakenya waliifahamu shida hii kwa macho yao. Mwaka 1992 mshindi wa urais wa Kenya alipata kama kura 36 katika kila 100, na wapinzani wake wakuu watatu waligawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaamuru ya kwamba Rais hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na sehemu maalum ya kura katika kaunti zaidi ya nusu. Na asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu washindane tena katika muda wa siku 30. Njia hiyo ni njema kuliko msalaba mmoja. Ila ina gharama zake: masanduku hutolewa mara ya pili, wakulima huacha majembe mara ya pili, na wiki zilizo katikati huwa wiki za wasiwasi. Kura ya kupanga ni kama kuyafanya hayo yote katika siku moja. Mtu amekwisha kusema tangu mwanzo angefanya nini katika duru ya pili na ya tatu, na karatasi yake yamsemea.

Kuna faida nyingine, nayo yahusu ulimi. Mfano wake ni Papua Guinea Mpya, nchi ya milima na visiwa iliyo kaskazini ya Australia, yenye lugha zaidi ya 800. Kabla ya kupata uhuru mwaka 1975 watu wake walichagua kwa namba. Baada ya uhuru wakashika msalaba mmoja. Huko kila ukoo ulipenda kumsimamisha mtu wake, na katika jimbo moja wakasimama watu makumi. Matokeo yake, katika uchaguzi wa 2002 wabunge wengi walipata chini ya kura 20 katika kila 100. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kusema na koo nyingine. Ukoo wake ulimtosha, na wengine aliwatazama kama adui. Nchi ikairudia namba, na katika uchaguzi mkuu wa 2007 kila mpiga kura aliandika majina matatu: wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Sasa mgombea ana sababu ya kuvuka mto na kusema na watu wa ukoo mwingine: "Najua wa kwanza wenu ni ndugu yenu, wala siwaombi mmwache. Naomba mniandikie mimi namba 2." Mtu aombaye namba 2 hawezi kuwatukana anaowaomba. Sisemi kwamba njia hii iliponya kila ugonjwa. Uchaguzi wa 2022 katika nchi hiyo ulikuwa na fujo nyingi na watu walikufa. Sheria ya kuhesabu haiwezi kuzuia panga. Lakini yaweza kuwapa watu sababu ya kuzungumza.

Walioibuni njia hii walikuwa watu wa vitabu. Katika nchi ya Denmark, Carl Andræ, mjuzi wa hesabu aliyekuwa waziri wa fedha, aliifanya sheria ya namna hii mwaka 1855. Huko Uingereza, Thomas Hare alichapisha kitabu chake mwaka 1859. Hao wawili walitaka kuchagua wajumbe wengi kwa pamoja. Katika miaka ya 1870 Mmarekani mmoja, William Robert Ware, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya ujenzi, alionyesha namna ya kuitumia kumchagua mtu mmoja tu. Ndiyo hiyo niliyowaeleza leo.

Sasa yanipasa kuwaambia na kasoro zake, maana mwalimu asifuye tu ni kama mwenye duka asifuye kitambaa chake.

Kwanza, njia hii yataka mpiga kura makini. Huko Australia, katika kuchagua wabunge, hana budi kuandika namba katika kila jina, asirudie namba wala asiruke, la sivyo karatasi yake huharibika. Wako wasiowajua wagombea, nao huandika tu 1, 2, 3, 4 kutoka juu hata chini. Waaustralia huiita kura ya punda. Punda huyo si wa kuchekwa tu, kwani ana nguvu. Zamani majina yalipangwa kwa herufi. Mwaka 1937 chama cha wafanyakazi katika New South Wales kiliwasimamisha watu wanne kwa Baraza la Seneti: Amour, Armstrong, Arthur, na Ashley. Wote wanne majina yao yalianza na herufi A, na wote wanne walishinda. Baadaye mpango wa majina ukawa kwa bahati nasibu.

Pili, mtu asiyeandika ila jina moja aweza kuona karatasi yake ikiwekwa kando, kama zile 25,548 za Ireland. Haikuibwa, alinyamaza mwenyewe.

Tatu, na hii ndiyo kasoro kubwa kwa wenye kufikiri, mtu wa katikati aweza kuumia. Tuseme wako watu watatu, na yule wa katikati ni wa pili kwa karibu kila mtu, lakini wachache ndio waliomwandikia 1. Huyo huondolewa mapema, ijapokuwa akishindanishwa na kila mwenzake peke yao wawili wawili angeshinda. Mfaransa Condorcet aliandika mwaka 1785 juu ya kuwalinganisha watu wawili wawili namna hiyo. Na jambo lenyewe lilitokea mwaka 2009 katika mji wa Burlington, huko Vermont, Marekani, walipomchagua meya. Mtu wa katikati alitolewa, ingawa karatasi zilionyesha ya kwamba angemshinda kila mmoja wa wale wawili waliobaki. Mwaka uliofuata watu wa mji ule wakaiacha njia hii kwa kumchagua meya. Kwa hiyo msimwamini mtu awaambiaye ya kwamba iko njia ya kuchagua isiyo na kasoro. Kila njia ni kama ungo: tundu zake hupitisha kitu fulani. Swali ni ungo upi upitishao chenga chache zaidi.

Ninyi wanafunzi, jaribuni wenyewe. Andikeni majina ya matunda manne: embe, ndizi, papai, na nanasi. Kila mmoja atie namba zake. Hesabuni kwanza kwa namba 1 tu, mwone tunda gani limeshinda. Kisha hesabuni kwa kuondoa la mwisho na kupeleka karatasi zake kunakofuata. Fanyeni kazi hiyo juu ya meza, mafungu yakionekana na wote, kwani hesabu isiyoonekana haiaminiwi hata ikiwa ya kweli. Mara nyingine tunda litakuwa lilelile. Mara nyingine litabadilika, nanyi mtajifunza zaidi siku hiyo.

Namalizia kwa kurudi katika kijiji chetu. Miaka michache baada ya kisima, palitakiwa kuchaguliwa mahali pa kuweka mashine ya kusaga nafaka. Mzee mmoja wa upande wa huku alinijia jioni, akaniambia, "Mwalimu, zile hesabu zako za ubaoni, njoo uwaonyeshe watu." Nikaenda. Tukapanga mistari, kwa kuwa wengi hawakujua kuandika. Sokoni wakasimama watu 22, shuleni 21, mwembeni 17. Mwembeni wakaambiwa wachague tena. Nilidhani wote watakwenda shuleni. Sivyo, mashine si kama maji, wengi waliona ni vema mtu asage siku ya soko akiwa amekwisha kuuza na kununua. Kumi wakaenda sokoni, 7 wakaenda shuleni. Sokoni 32, shuleni 28.

Yule mzee alikuwa katika mstari wa shuleni, naye alishindwa. Nilimtazama kwa wasiwasi, nikidhani atanilaumu. Akahesabu ule mstari mrefu kwa kidole chake, mtu mmoja mmoja, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya. Safari hii nimewaona."